Linux ya Kiswahili: Tuunde Mpya au Tutunze Iliyopo?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha utunzaji wa kawaida wa mfumo wake uitwao Windows 10. Kompyuta nyingi zilizomo katika shule na ofisi zetu ni za umri mkubwa, na mfumo uliofuata, yaani Windows 11, hauzikubali nyingi kati ya hizo. Si ajabu basi kwamba vijana na walimu wapendao kompyuta wairudie fikira ambayo si ngeni: kwa nini Watanzania tusiunde Linux yetu wenyewe, yenye jina letu na lugha yetu, tukaigawa bure kwa shule zote?

Makala haya yanakusudia kuipima fikira hiyo. Rai ya mwandishi ni kwamba nia ni njema na uwezo wa kuanza upo, lakini nguvu chache tulizo nazo zitazaa matunda zaidi zikitiwa katika kazi ambayo imekwisha kuanzishwa na wengine, na ambayo sisi wenyewe tuna haki kamili ndani yake. Ili hoja isielee hewani, tutaipima kwa mazingira ya shule ya sekondari ya kata katika mahali kama Kasoli, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Huko wazazi hulima pamba, na watoto wao hukutana na kompyuta kwa mara ya kwanza shuleni, kama wakikutana nayo.

Linux ni nini hasa?

Kompyuta, hata iwe ya thamani kubwa namna gani, haifai kitu pasipo mfumo endeshi. Huu ndio unaoongoza sehemu zote za mtambo: unapokea herufi zinazobonyezwa, unahifadhi mafaili, unaamua ni programu ipi itumie kumbukumbu kiasi gani, na unaonyesha matokeo kwenye kioo. Windows ni mfumo endeshi mmojawapo. Msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watunzi wake, ni siri ya kampuni, na mtumiaji haruhusiwi kuubadili wala kuugawa.

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, ambao lengo lake lilikuwa kutunga mfumo endeshi ambao kila mtu aweza kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuwagawia wengine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo wa namna hiyo. Kiini hicho kikaitwa Linux, na mwaka 1992 kikawekwa chini ya leseni ya GNU. Leseni hiyo ina sharti moja kubwa: anayekigawa kwa mwingine, kikiwa kimebadilishwa au hakijabadilishwa, hana budi kumwachia mpokeaji haki zile zile alizozipata yeye. Programu za aina hii huitwa programu huria.

Lakini kiini peke yake hakimwezeshi mwalimu kuandika mtihani. Hapana budi kiunganishwe na programu nyingine nyingi: za kuandikia, za kuchora, za kusomea kurasa za intaneti, za kuchapia, na maelfu ya programu ndogo zinazofanya kazi kwa siri nyuma ya pazia. Kiini pamoja na programu hizo zote, vikiwa vimepangwa, vimejaribiwa na kuwekwa tayari kwa mtumiaji, ndicho kitu tutakachokiita mkusanyo katika makala haya. Mikusanyo miwili ya mwanzo ambayo ingali hai, Slackware na Debian, ilianzishwa mwaka 1993. Kutokana na Debian ulizaliwa Ubuntu mwaka 2004, chini ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Na kutokana na Ubuntu ukazaliwa Linux Mint mwaka 2006. Leo mikusanyo ya Linux yahesabiwa kwa mamia.

Kwa hiyo kuunda mkusanyo si muujiza. Kijana mwenye kompyuta nzuri, intaneti ya kutosha na saburi ya wiki chache aweza kuuchukua Debian, akabadili picha ya mbele, akaongeza programu azipendazo, akaondoa asizozihitaji, na kuupa mkusanyo wake jina la Kiswahili. Wepesi huo ndio unaowadanganya wengi, kwa kuwa kilicho chepesi ni siku ya uzinduzi tu.

Nia iliyo njema

Kabla ya kuonyesha udhaifu wa fikira hii, haki inatudai tuzieleze sababu zake, kwani ni za maana.

Sababu ya kwanza ni lugha. Mtoto wa Kasoli huanza na Kisukuma nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na afikapo sekondari hukutana na Kiingereza katika masomo karibu yote. Kompyuta ikimwekea mbele yake maneno ya Kiingereza ambayo hata kwenye kitabu chake cha kiada hayamo, humwongezea mzigo juu ya mzigo. Sababu ya pili ni gharama: leseni za programu za kampuni za nje hulipwa kwa fedha za kigeni, na asiyelipa hutumia nakala za wizi ambazo mara nyingi zimebeba virusi. Sababu ya tatu ni kujitegemea, neno ambalo tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 limekuwa na uzito wa pekee katika nchi hii.

Tena, wazo hili lina historia yake hapa nyumbani. Miaka ishirini na zaidi iliyopita wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wataalamu wa Kiswahili wa Chuo hicho na kampuni ya IT +46 ya Sweden, walianzisha mradi ulioitwa Kilinux. Jina lenyewe ladokeza ukubwa wa lengo. Hata hivyo tunda lao la kwanza halikuwa mfumo endeshi, bali programu za ofisi: mwishoni mwa mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya OpenOffice ikiwa na maelekezo yake kwa Kiswahili.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na yafaa uangaliwe kwa makini na wale wanaotaka kuanza leo. OpenOffice ilifanya kazi katika Linux na katika Windows pia. Karani aliyekuwa na Windows hakulazimika kufuta mfumo wake ndipo aonje Kiswahili. Wenye mradi waliipeleka lugha mahali watumiaji walipokuwapo tayari, badala ya kuwataka watumiaji wahame kwanza.

Gharama ya utunzaji

Mkulima wa Kasoli ataelewa tatizo la mkusanyo kwa upesi kuliko mtu wa mjini, kwa sababu amekwisha kuliona katika mbegu za pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kimetoa aina kadhaa za mbegu kwa ajili ya ukanda wetu wa pamba, na herufi za mwanzo za majina yake, UK, zatokana na jina la kituo hicho. Aina ya UK91 ililimwa kwa miaka mingi. Lakini mbegu ya pamba hupita katika viwanda vya kuchambulia, ambamo pamba ya mashamba mbalimbali huchanganyika, na mbegu inayorudi shambani msimu baada ya msimu hupungua usafi wake. Ndipo ilipolazimu kuleta aina ya UKM08 ichukue nafasi yake. Kumbe kuitoa aina mpya ya mbegu ni sehemu ya kazi tu. Sehemu iliyobaki ni kuilinda isiharibike, nayo hufanywa kila mwaka na watu wanaolipwa kuifanya.

Mkusanyo wa Linux nao ni hivyo hivyo, ila wenyewe huchakaa kwa kasi zaidi. Debian 12, uliotolewa mwaka 2023, una vifurushi vya programu zaidi ya 64,000. Katika wingi huo kasoro hugunduliwa kila wiki, na baadhi yake ni za usalama, yaani zampa mtu mbaya mlango wa kuingilia katika kompyuta ya mwenzake. Kasoro ikigunduliwa hapana budi msimbo urekebishwe, kifurushi kijaribiwe upya, kitiwe sahihi ya kuthibitisha kwamba si bandia, na kupelekwa kwa watumiaji wote. Debian ina watu wapatao elfu moja wanaoshiriki kazi hiyo kutoka nchi mbalimbali, na toleo lake moja hutunzwa kwa muda wa miaka mitano hivi.

Anayeunda mkusanyo wake kutokana na Debian hurithi matunzo hayo bila jasho maadamu hajavigusa vifurushi. Lakini pale anapokibadili kifurushi kimoja, kifurushi hicho huwa mzigo wake. Marekebisho ya Debian hayatamfaa tena mpaka yeye mwenyewe ayaunganishe na mabadiliko yake. Akibadili vifurushi kumi, ana mizigo kumi. Akibadili mia, atahitaji kikosi. Na asipofanya hivyo, shule zilizompokea zitaendelea kutumia programu zenye kasoro zinazojulikana dunia nzima, huku zikiamini kuwa ziko salama.

Tukio la mwezi Machi 2024 laonyesha jinsi utunzaji ulivyo kazi nzito hata kwa wakubwa. Kuna programu ndogo iitwayo xz, ambayo kazi yake ni kubana mafaili, nayo hutumiwa katika karibu mikusanyo yote. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja wa kujitolea. Mtu mwingine, aliyejiita Jia Tan, alijenga imani yake kwa zaidi ya miaka miwili kwa kutoa msaada, mpaka akakabidhiwa sehemu ya utunzaji. Kisha akapenyeza msimbo wa hila wa kumfungulia mlango wa siri. Hila hiyo iligunduliwa na mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa kuona kwamba kuingia katika kompyuta yake kwachelewa kwa nusu sekunde. Msimbo ule ulikuwa umekwisha kufika katika matoleo ya majaribio ya mikusanyo kadhaa.

Tafakari, ndugu msomaji: ikiwa mtunzaji aliye peke yake aliweza kuvamiwa hivyo katika programu itegemewayo na dunia nzima, na kuokolewa kwa sababu macho mengi yalikuwa yakiitazama, itakuwaje kwa mkusanyo wa vijana wanne ambao hakuna mwingine aliye na sababu ya kuuchunguza?

Mafunzo kutoka nchi nyingine

Yafaa sasa tutazame wenzetu walivyofanya, kwani wamejaribu njia zote mbili.

Baraza la jiji la Munich, nchini Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likaunda mkusanyo wake ulioitwa LiMux. Kufikia mwaka 2013 kompyuta za jiji zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Lakini mwaka 2017 baraza liliamua kurudi Windows. Siasa ilikuwamo, na wapo wanaosema mradi haukushindwa bali uliachwa. Vyovyote iwavyo, jiji tajiri lenye mafundi wake wa kuajiriwa halikuweza kuudumisha mkusanyo wake baada ya viongozi kubadilika. Nchini China mkusanyo wa Red Flag, uliokuwa na sifa kubwa mwanzoni mwa karne hii, uliona kampuni yake ikifungwa mwaka 2014. Kampuni ya Mandriva ya Ufaransa, iliyoanza na mkusanyo wa Mandrake mwaka 1998, nayo ilivunjwa mwaka 2015.

Kwa upande mwingine, kikosi cha Gendarmerie cha Ufaransa kilikwenda kwa hatua. Mwaka 2005 kilianza kutumia OpenOffice ndani ya Windows ile ile kiliyokuwa nayo. Kisha kikaweka programu huria za kusomea intaneti na barua pepe. Na baada ya watumishi kuzizoea ndipo kikabadili mfumo endeshi wenyewe, kwa kutumia Ubuntu iliyorekebishwa kidogo kulingana na mahitaji yao. Leo makumi ya maelfu ya kompyuta zake hutumia mfumo huo. Utaratibu wa kuanza na programu na kumalizia na mfumo ndio ule ule ambao wenye Kilinux wa Dar es Salaam waliuanza mwaka mmoja kabla.

Mfano ulio karibu zaidi na haja yetu ni wa Norwei. Mwaka 2001 wazazi, walimu na watunzi wa programu wa huko walianzisha Skolelinux kwa ajili ya shule, wakitaka watoto wapate kompyuta kwa Kinorwe na pia kwa Kisami, lugha ya watu wachache wa kaskazini. Hawakudumu wakiwa peke yao. Kazi yao iliingizwa ndani ya Debian na kuitwa Debian Edu, na vifurushi vyake vikawa sehemu ya hazina kuu ya Debian. Hivyo mtu mmoja akichoka Oslo, mwingine aliye Ujerumani au Ufaransa aweza kuendelea. Mfumo wao huziunganisha kompyuta za shule na seva moja, na kompyuta zilizochakaa huweza kutumia nguvu za seva hiyo. Hakuna kinachoizuia shule ya Simiyu kuutumia mfumo huo kama ulivyo.

Kazi ya Kiswahili iliyokwisha kufanyika

Wengi hawajui kwamba Kiswahili kimekwisha kuingia ndani ya Linux, na kwamba kila mkusanyo mkubwa duniani hukibeba. Maktaba ya msingi ya GNU, ambayo bila hiyo programu nyingi haziwezi kufanya kazi, ina taarifa za Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya: majina ya siku na miezi, namna ya kuandika tarehe, na alama ya fedha. Programu ya LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, huorodhesha Kiswahili cha Tanzania miongoni mwa lugha zake.

Mfano bora kuliko yote ni orodha ya maneno ya kukagulia tahajia. Mkenya Jason Githeko alikusanya orodha ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya OpenOffice na kuitoa chini ya leseni huria. Hakuunda mfumo endeshi wala hakuitisha uzinduzi wa taifa. Lakini kwa kuwa aliitia kazi yake katika shina, matawi yote yaliipata: iko ndani ya LibreOffice, iko katika Debian, na kwa hiyo iko katika Ubuntu na Mint na mikusanyo mingi mingineyo. Mwanafunzi wa Bariadi, mwandishi wa Mombasa na Mswahili aliye Muscat hutumia matunda ya kazi moja. Laiti orodha hiyo ingefungiwa ndani ya mkusanyo mmoja wenye jina la fahari, ingezikwa pamoja na mkusanyo huo.

Hata hivyo kazi iliyobaki ni kubwa. Tafsiri nyingi hazijakamilika; nyingine ziliachwa nusu, ukurasa ukianza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kiingereza. Istilahi hazijasawazishwa: huyu husema kompyuta, yule tarakilishi, huyu faili, yule jalada. Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, liliundwa mwaka 1967 kwa ajili ya mambo ya namna hii, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina wataalamu wake. Kila kundi likiunda mkusanyo wake na kujibunia maneno yake, tutakuwa na Kiswahili cha kompyuta cha aina nne, na mwalimu hatajua afundishe kipi.

Shule yahitaji nini?

Turudi Kasoli. Tuseme shule ya kata imepata kompyuta ishirini zilizotumika mahali pengine. Mahitaji yake ni yapi?

Yahitaji mfumo utakaokubali kompyuta zenye kumbukumbu ndogo, nao upo: Debian na mikusanyo yake myepesi hufanya kazi katika mitambo ambayo Windows 11 imeikataa. Yahitaji maelekezo ya Kiswahili yaliyokamilika. Hayo bado, na ndiyo kazi yetu. Yahitaji vitabu na mazoezi yatakayosomwa pasipo intaneti, kwa kuwa vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa fedha ambayo shule haina. Yahitaji kinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, na dhidi ya vumbi la kiangazi. Juu ya yote yahitaji mtu mmoja ndani ya shule na mwingine mjini Bariadi, ambao kompyuta ikigoma siku ya Jumatatu watajua la kufanya kabla ya Ijumaa.

Katika orodha hiyo jina la mkusanyo halimo. Kama mkusanyo wa kitaifa ungetolewa kesho, shule hii ingebaki na mahitaji yale yale, na ingeongezewa moja: kumtafuta aliyeuunda pindi utakapoharibika. Vijana waanzilishi huajiriwa, huoa na kuolewa, huhamia miji mingine. Ni haki yao. Mwalimu aliyeachiwa mfumo usiojulikana na fundi yeyote mwingine hana la kufanya ila kuzifunika kompyuta kwa kitambaa na kufunga chumba. Na mwanafunzi aliyekuwa kidato cha pili siku hiyo atamaliza shule bila kuzigusa. Hiyo ndiyo hasara tunayoizungumzia, nayo haitaonekana katika hesabu za mradi wowote.

Je, huku si kuwa tegemezi?

Wapo watakaosema: kutumia Debian au Ubuntu ni kuwategemea wageni, na kujitegemea kwadai tuwe na chetu. Hoja hii ina uzito, na yastahili jibu kamili.

Historia yetu wenyewe yatufundisha. Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza katikati ya miaka ya 1960, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, baada ya mitambo ile kuleta hasara na matatizo. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kwamba nchi haikuwa na wataalamu wake wa kutosha, na uendeshaji ulikuwa mikononi mwa watu wa nje. Mitambo ilikuwa mali yetu kwa hati. Lakini ujuzi wa kuitunza haukuwa wetu. Kama mwenye mali hawezi kuitengeneza, umiliki wake wamfaa nini?

Programu huria zageuza mambo. Debian si mali ya Wamarekani wala Wajerumani hata tuombe ruhusa yao. Leseni yampa Mtanzania haki ile ile aliyonayo mwanzilishi, na hakuna serikali wala kampuni iwezayo kuibatilisha kwa nakala tulizokwisha kuzipata. Kijana wa Kitanzania aliyekubaliwa kuwa mtunzaji wa kifurushi ndani ya Debian si mgeni mwalikwa. Ni mwenye nyumba. Kumi wakiwa na cheo hicho, nchi itakuwa na uwezo ambao mkusanyo uliobadilishwa picha na jina hauwezi kuuleta. Na siku ambapo haja ya kweli ya kujitenga itatokea, watu hao kumi ndio watakaoweza kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa wataijua kwa ndani.

Wengine husema kwamba kuunda mkusanyo ni shule nzuri. Hilo ni kweli, wala mwandishi hapingi. Mwanafunzi wa chuo na aunde mkusanyo, auvunje, aunde tena; atajifunza mengi. Ila asiwape watoto wa Kasoli zoezi lake waishi nalo.

Mapendekezo

Kwa kuhitimisha, mwandishi anapendekeza hatua zifuatazo kwa vikundi vya vijana, vyuo na taasisi za taifa zinazogharamia sayansi, ikiwamo Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia.

Kwanza, zichaguliwe programu chache zinazohitajiwa zaidi na shule, kama LibreOffice na programu za kufundishia hesabu, na tafsiri zake za Kiswahili zikamilishwe ndani ya miradi yenyewe, kwa istilahi zilizokubaliwa na BAKITA.

Pili, badala ya mkusanyo, itungwe orodha ya vifurushi na mipangilio ya shule ya Tanzania, iwekwe katika Debian Edu, na iambatane na kitabu kidogo cha Kiswahili chenye kueleza hatua kwa hatua namna ya kuweka mfumo kutoka kwenye flashi.

Tatu, kila wilaya iwe na diski yenye nakala ya vifurushi na marekebisho yake, ili shule isiyo na intaneti ipate marekebisho kila muhula kwa mkono, kama ipatavyo chaki na madaftari.

Nne, fedha za miradi zisiishie kwenye uzinduzi. Mfadhili akitoa fungu la kuanzisha, na adai kuonyeshwa fungu la miaka mitano ya kutunza, pamoja na majina ya watu watakaotunza.

Ama kundi litakaloona kwamba lazima liunde mkusanyo wake, na lijibu kwanza maswali haya matatu kwa maandishi: ni vifurushi vingapi tumevibadili, nani atakayevirekebisha kasoro ya usalama ikigunduliwa usiku wa leo, na shule zitahamia wapi siku tutakapochoka? Kundi lenye majibu na liendelee, nasi tutalipongeza. Lisilo na majibu lina kazi tele inayolingoja katika tafsiri zilizoachwa nusu, na kazi hiyo yaweza kuanzwa jioni hii kwa kompyuta yoyote.